Komenti Aliyoibandika Kaka Ronald

Ukitaka kugombana na Pauline siku zile, ulikuwa unamsema Kaka Ronald vibaya tu, basi. Angeacha kukupimia dawa ya kupe, atoke nyuma ya kaunta mkono kiunoni, akuulize wewe umeifanyia nini Voi tangu uzaliwe. Mambo mengine yote aliyavumilia pale kwenye agrovet alikofanya kazi. Wateja wenye kisirani aliwavumilia, mwenye duka na maneno yake ya kila asubuhi alimvumilia, hata wale wanaokuja kuuliza bei ya mbegu kisha wanakwenda kununua kwa jirani. Lakini Kaka Ronald? Thubutu!

Na si yeye peke yake. Ronald alikuwa kijana wa Kaloleni, mtaa wa pale pale Voi, mwenye ukurasa wa video, na wafuasi wake walikuwa wameshapita laki mbili. Alianza kwa kusimama kando ya bomba la maji lililopasuka, kila siku shati lile lile, akitaja siku kwa vidole, mpaka siku ya kumi na tatu mafundi wakatokea wenyewe na sura zao za aibu. Halafu akaanza kwenda kwenye mashamba yaliyokanyagwa na ndovu, anakaa chini na wenye shamba, anawaacha waseme bila kuwakatiza. Hakutukana mtu. Hata diwani aliyemfungia simu hakumtukana. Kila video aliimaliza kwa maneno yale yale: "Hapa kwetu hatutukanani." Pauline aliyaamini maneno hayo kabisa. Ronald alipotafuta watu wanne wa kujitolea kumlindia ukurasa, wafute matusi kwenye komenti, Pauline aliomba wa kwanza. Saa ya chakula cha mchana alikuwa anakaa nyuma ya magunia ya chakula cha kuku, mkono mmoja chapati, mkono mwingine anafuta upuuzi wa watu. Halipwi hata shilingi, na anaringa nayo.

Sasa sikiliza alivyojitia kitanzini mwenyewe.

Pauline na kakake Gibson walilelewa Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, na Peris, dada mkubwa wa marehemu mama yao. Mama Mkubwa huyo hakuwa na mtoto wa kumzaa, lakini hao wawili aliwalea kwa jembe na kwa kelele, na hakuna aliyelala njaa. Gibson alibaki pale pale nyumbani, akaoa Evelyn, msichana wa Mboghoni, wakapata mtoto, Rita. Kisha siku moja Gibson akapata wazimu wa matikitimaji. Aling'oa mstari mzima wa mbaazi wa Mama Mkubwa apate nafasi, bila hodi, bila samahani. Mama Mkubwa hakupiga kelele, na hapo ndipo watu walipoogopa, kwa sababu mwanamke yule hupiga kelele hata chumvi ikizidi. Alinyamaza tu. Miezi miwili hakumsemesha Gibson.

Katika miezi hiyo Rita akaanza kuharisha. Wakampeleka hospitali, akapewa dawa, akapona, akarudia. Akapona tena, akarudia tena. Miguu ikawa myembamba.

Kwa Wadawida, yaani Wataita, hilo halihitaji mtu wa kukueleza. Mzee aliyekuwekea kinyongo anaweza kumdhuru mtoto wako bila kutaka na bila kujua, na huo si uchawi. Uchawi mtu huufanya. Kinyongo kinakaa tu moyoni, na uzito wake unawaangukia wadogo. Dawa yake ni mwenye kinyongo akitoe kwa mdomo wake. Ndiyo kutasa. Basi Jumapili moja baada ya kanisa Evelyn mwenyewe, kwa hiari yake, alipiga magoti mbele ya Mama Mkubwa na mtoto mikononi, akasema, "Mama, kama kuna kitu moyoni, kitoe." Mama Mkubwa akaletewa kikombe cha maji ya muwa. Alisema kwa Kidawida kwamba kweli alikasirika, na kwamba hasira hiyo haikuwa halali kumkalia mtoto asiyejua mbaazi ni nini, itoke sasa hivi iende zake, na mtoto apoe, anenepe, aje amzike yeye bibi yake. Akachukua funda, akalirusha kwa mdomo, pfuu, miguuni mwa mtoto. Funda la pili likampata Rita tumboni, mtoto akacheka. Gibson alilia kama aliyefiwa. Na dawa za hospitali ziliendelea, usinielewe vibaya. Nyumba ile haikuwa ya wajinga.

Pauline alirekodi yote, dakika tatu na kitu. Aliporudi Voi aliitazama mara nne, na kila mara machozi. Akaona kitu kizuri namna hii hakifai kukaa kwenye simu ya mtu mmoja. Akamtumia Kaka Ronald, pamoja na ujumbe wa sauti akimweleza kutasa ni nini, nani alikosana na nani, na mwisho walivyokula pamoja. Ronald akajibu upesi. "Hii ni dhahabu, dadangu."

Wiki tatu baadaye, Jumatatu saa sita mchana, video ikatoka. Ilikuwa sekunde kumi na moja.

Kupiga magoti kwa Evelyn hakukuwepo. Maneno ya Mama Mkubwa hayakuwepo, wala kicheko cha mtoto. Ilianzia pale pale kikombe kikiwa mdomoni: bibi mwenye kitambaa cheusi kichwani, macho yamefumbwa, anamtemea mtoto mgonjwa. Pfuu. Mwisho. Juu yake Ronald alikuwa ameandika, "Kasigau, majuzi. Wewe unaona nini hapa?"

Walimwambia wanachoona. Pauline alifungua komenti, akaiweka chapati chini. Mchawi. Mchawi mchana kweupe. Mama ya huyo mtoto yuko wapi, naye achapwe. Alifuta moja, zikaja nne. Alifuta kumi, zikaja arobaini, na kidole gumba kikaanza kuuma. Akaandika maelezo marefu, kwa heshima, kwamba huyu ni mama yangu, hii ni baraka, jamani msikilize. Wakamjibu kwamba mchawi naye amezaa mchawi. Mteja akaingia kuuliza dawa ya kuhara kwa ndama, Pauline akampa ya kuku. Kisha akaiona moja ambayo haikuwa hata na tusi ndani yake: "Nyumba ni ile ya kwanza ukipita tangi la shule, bati jekundu. Mwenye petroli anajua cha kufanya."

Alibonyeza kuifuta. Simu ikamwambia hana ruhusa.

Akabonyeza tena. Hana ruhusa. Kaka Ronald alikuwa amemtoa kwenye ulinzi wa ukurasa.

Pauline alijipa moyo. Labda ni hitilafu, au alifuta nyingi mno kwa mara moja mtandao ukamdhania mwizi. Alimpigia Ronald, simu ikaita mpaka ikakata. Akamwandikia: kaka, tafadhali shusha hiyo video, kuna mtu ametaja nyumba. Ujumbe ukasomwa. Hakujibiwa. Na bado alimtetea moyoni, maskini, alisema pengine yuko kwenye mkutano.

Jumanne asubuhi Gibson akapiga. "Kuna vijana wamekuja na pikipiki mbili," alisema. "Si wa hapa. Wameuliza nyumba ya yule bibi wa video. Nimewaambia amehama. Hawakuniamini, Pauline. Walikaa pale njiani nusu saa nzima wanatazama paa."

"Mama Mkubwa yuko wapi?"

"Nimemficha stoo. Ananitukana tangu saa moja. Namleta kwako."

Mama Mkubwa alifika Voi mchana ule nyuma ya pikipiki ya Gibson, vumbi mpaka kwenye kope, na mfuko mmoja. Gibson alirudi papo hapo kulinda nyumba na mke na mtoto. Mama Mkubwa akakaa kitandani kwa Pauline, maana chumba ni kimoja na kiti kilikuwa na nguo. Akanywa maji. Halafu akauliza, "Nani alipeleka picha yangu kwa watu?"

Pauline angeweza kudanganya. Siku ile kulikuwa na majirani, simu zilikuwa tatu. Alihisi uongo umeshamjaa mdomoni, tayari kabisa.

"Ni mimi, Mama."

Mama Mkubwa aliweka kikombe chini. "Nilikuona umeinua simu," alisema. "Nikajua unaniweka, nikifa unitazame. Nikakaza na sauti ili usikie vizuri." Alivua kitambaa akakung'uta vumbi. "Sikujua nawasemesha watu wenye petroli."

"Nisamehe, Mama. Nilidhani..."

"Nyamaza kwanza. Ulidhani vizuri, najua. Nina mbuzi sita na nyumba niliyojenga kwa mikono hii. Jumamosi narudi kwangu. Kama huyo kijana wako ana moyo wa mtu, mwambie aitoe hiyo kitu kabla ya Jumamosi. Kama hana, narudi vile vile, waje wanichome nikiwa ndani. Mimi si wa kufia kwenye chumba cha kupanga."

Pauline alijua hatanii. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yenyewe: yule mama alikuwa anarudi, liwe liwalo.

Hakusubiri simu ijibiwe. Jumatano saa tisa aliomba ruhusa dukani akaenda Kaloleni, kwenye chumba ambacho Ronald alikigeuza studio. Ukutani pana pazia jekundu, mbele yake taa ya duara na meza iliyofunikwa kitambaa cha kanga. Ronald alimpokea kwa mikono miwili. Alimpa soda. Alimwita dadangu mara tatu kabla hajakaa.

"Najua umeumia," alisema. "Nimekutoa ulinzi kidogo tu, usijichoshe. Ulikuwa unafuta mpaka mjadala wenyewe."

"Mjadala gani, Kaka? Kuna mtu ameandika nyumba ya mama yangu ilipo."

"Watu wanasema mengi mtandaoni. Hawafanyi."

"Jana walikwenda. Pikipiki mbili."

Ronald akakuna shingo. Pauline alimwona akifikiri, akangoja, na moyo wake wote ukamwomba: sema pole, shika simu, futa, yaishe, nikupende kama zamani.

"Unaona sasa?" Ronald alisema. "Hiyo nayo ni stori. Mlete mama hapa, aeleze mwenyewe, tuitoe kama sehemu ya pili. Watu watalia. Watamwomba msamaha. Nitamsafisha, wallahi."

"Ulikuwa na maneno yake. Nilikutumia dakika tatu. Mbona uliyakata?"

"Dakika tatu nani anaangalia, dadangu? Na mimi sijamtukana mtu. Nionyeshe mahali nimemtukana mama yako. Neno moja tu."

Pauline akafungua simu amwonyeshe. Kweli, neno la Ronald halikuwepo. Lakini juu kabisa ya komenti zote, elfu sita na ushee, palikuwa na moja iliyobandikwa isiteremke: "Bibi kama huyu kwetu halali chini ya paa akaamka." Na pembeni yake moyo mwekundu. Pauline alikuwa amelinda ukurasa ule mwaka mzima, alijua kila kitufe chake. Walinzi hawabandiki. Walinzi hawana moyo wa kuweka. Vyote viwili ni vya mwenye ukurasa peke yake.

"Hii imebandikwa na nani?" aliuliza.

"Ah, hiyo." Ronald alicheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu aliyekutwa na sukari mdomoni. "Hiyo ni mbinu tu. Ukiweka ile kali juu, wengine wanakuja kubishana nayo. Inawaamsha. Haimaanishi naikubali."

Basi yakamwishia pale pale. Pauline aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakamwaka. Aliona haya kwa ajili ya kila mtu aliyemkaripia dukani kwa sababu ya huyu. Mwaka mzima alikuwa anafagia ua, na mwenye ua alikuwa anachagua taka anazozipenda, anaziweka sebuleni. Kumbe hakutukana kwa sababu alikuwa na watu laki mbili wa kumtukania. Shati lile lile, sauti ile ile ya upole, na Pauline hakuona tena mtu wa kuheshimu ndani yake. Alimwona kijana tu, anayetazama saa.

Kwa maana Ronald alikuwa kweli anatazama saa. "Saa kumi niko laivu," alisema. "Tutaongea baadaye, sawa? Kunywa soda yako."

Akawasha taa ya duara. Akajipangusa uso, akatabasamu, akabonyeza. "Familia yangu, habari zenu! Salamu kwa watu wa Taveta, nawaona, salamu Mwatate..." Namba pembeni mwa skrini ikaanza kupanda: mia tano, elfu moja, elfu mbili.

Pauline aliinuka. Hajawahi kuonekana kwenye video ya mtu, na sauti yake mwenyewe ikirekodiwa huwa haipendi. Aliburuta kile kiti cha plastiki, kikapiga ukelele sakafuni, akakaa kando ya Ronald ndani ya mwanga. Akaweka simu yake juu ya kanga, mbele ya Ronald.

"Mimi ni mtoto wa yule mama wa Kasigau," alisema kwenye kamera. "Kaka, nisomee hii."

Ronald hakupoteza tabasamu. "Familia, huyu dadangu ana uchungu, tumwelewe. Tutazungumza naye..."

"Isome. Uliibandika wewe mwenyewe, ukaiwekea na moyo. Isome kwa sauti yako, hiyo ambayo haitukani."

"Dadangu, si hapa."

"Basi ni wapi? Mama yangu alisomewa hiyo stoo, amejificha nyuma ya magunia ya mahindi. Isome."

Elfu tatu na mia mbili. Komenti zilikuwa zinakimbia kwenye skrini mpaka hazisomeki. Wengine walicheka, wengine wakaanza kuandika soma, soma, soma. Ni wale wale wa juzi, na leo mlo wao ulikuwa Ronald. Ronald aliitazama simu. Alilamba midomo. "Bibi kama huyu..." alisema, akaishia hapo. Alijaribu tena. "Bibi kama..." Alitazama kamera, akamtazama Pauline, jasho likamtoka puani chini ya taa. Akanyoosha mkono, akazima.

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati.

"Umeniharibia," Ronald alisema. Upole ulikuwa umekwisha. "Miaka minne ya kazi, umekuja kuniharibia kwa dakika mbili. Na nani aliyenitumia video yenyewe? Si wewe? Nikisema ni wewe uliyeniletea, mama yako atakuangalia vipi?"

"Nimeshamwambia. Ananiangalia vibaya, na ni haki yake. Futa."

Alifuta. Kwa hasira alikosea kitufe mara moja, lakini alifuta, na Pauline akasimama nyuma ya bega lake mpaka alipoona mahali pale pametupu. Kisha akatoka. Ile soda hakuigusa. Akarudi dukani kumalizia saa zake.

Ijumaa naibu wa chifu aliita baraza Makwasinyi. Wale wa pikipiki walijulikana, vijana wa huko kwenye barabara kuu, wakaonywa mbele ya watu, mmoja akaomba msamaha huku anachora chini kwa kidole cha mguu. Gibson alipiga simu akasema njia ni nyeupe. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba video imefutwa kwa Ronald lakini iko kwenye magrupu, hata Mboghoni kwa kina Evelyn imefika, na shangazi zake hawakauki simuni wakimwonya Evelyn. Pauline alisikia, lakini furaha ilikuwa imemjaa na hakuuliza zaidi.

Jumamosi walirudi, yeye na Mama Mkubwa. Walinunua mkate, sukari, na shuka ndogo ya mtoto yenye maua. Njia nzima Mama Mkubwa aliongea peke yake kuhusu mbuzi, nani amewanywesha, nani amewaacha wakale mikunde ya watu. Kwenye tangi la shule majirani wawili walisimama kumsalimu, akawasalimu kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, waende wakahadithie. Bati jekundu lilikuwa pale pale. Alisimama akalitazama, akamshika Pauline mkono, akambana vidole. Hakusema nimekusamehe, ila hakumwachia mpaka uani.

Evelyn alikuwa amesimama mlangoni, Rita begani. Mtoto alikuwa amepona. Mashavu yalikuwa yamerudi, na miguu ilikuwa na mikunjo miwili ya nyama. Mama Mkubwa aliachia mfuko ukaanguka, akanyoosha mikono yote miwili. "Haya, nipeni mgonjwa wangu!"

Evelyn akarudi nyuma hatua moja. Akamhamisha mtoto bega la pili, mbali.

"Amelala, Mama," alisema, macho chini.

Rita alikuwa macho. Alikuwa amemkodolea bibi yake macho meupe kabisa juu ya bega la mama yake, anacheka, anamnyooshea mkono.

Mama Mkubwa aliishusha mikono yake polepole, akajifuta kwenye kanga. "Basi mlaze," alisema. Akaokota mfuko, akaingia ndani kuwasha moto.